Jina Nililompa Salimullah

Walisema sitamaliza miezi mitatu. Shemeji yangu alinitamkia hivyo mbele ya wageni, hapa hapa Tabora: fundi wa redio aliyekaribia miaka hamsini hawezi kushika simu za kisasa, macho yatamkatalia na vidole vitatetemeka. Mafundi wenzangu wa Kariakoo walisema Johannesburg itanirudisha na blanketi moja na kikohozi. Ilikuwa mwaka 2015, na siku zile wageni walikuwa wakipigwa na kuporwa Afrika Kusini. Kuna Watanzania waliokuwa wakitafuta basi la kurudi wakati mimi natafuta la kwenda.

"Wenzako wanakimbia moto," shemeji alisema, "wewe unaufuata na kuni."

Nilimjibu kwamba mtu mwenye stashahada ya elektroniki hakimbii kabla ya kupima. Ninyi vijana niliowakabidhi funguo za karakana mwezi uliopita mmelisikia jibu hilo mara nyingi, na najua mnaliigiza nikitoka nje. Mmeniomba niandike ya kazini, yale ya Johannesburg hasa, ili msiyapoteze. Nayaandika. Mengi ni ya kujivunia na sitajinyima. Moja si la kujivunia, nalo ndilo lililokula karatasi nyingi kuliko nilivyopanga.

Siku ya kwanza nilipewa mtihani. Duka lilikuwa Fordsburg, mtaa mmoja wa Johannesburg, ndani ya jengo la maduka madogo madogo, katikati ya muuza vitambaa vya kichwa na muuza marashi. Mwenye duka alikuwa Mhindi aliyezaliwa kule kule, Bwana Yusuf, ambaye mtaa mzima ulimwita Anko. Anko Yusuf alinipa simu iliyokuwa imezama kwenye ndoo ya achari. Haikuwaka, na ilinuka siki. Mafundi wawili walikuwa wameshindwa nayo.

Niliifungua, nikaisafisha bodi, nikapima laini ya umeme na kukuta shoti. Kisha nikafanya lile ambalo nyote mnalijua kwa sababu niliwafundisha mimi: nikapaka spiriti juu ya bodi kwa brashi, nikaipa umeme kidogo, nikaangalia ni wapi spiriti inakauka kwanza. Inapokauka kwanza pana joto, na penye joto ndipo penye shoti. Nikatoa kapasita moja ndogo kama punje ya mchanga, nikabadilisha, simu ikawaka. Anko Yusuf aliinuka. Alileta kiti.

"Si hicho, Mzee," mtu wa benchi la kulia akasema kwa Kiswahili. "Hicho mguu mbovu. Chukua changu."

Ndivyo nilivyokutana na Salimullah. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, na chupa ya chai haikumtoka ubavuni. Kazi yake ilikuwa programu, vioo, na kuokoa picha na namba kutoka kwenye simu zilizokufa. Yangu ikawa bodi. Alikuwa Mrohingya, Mwislamu wa Arakan, upande wa Burma unaopakana na Bangladesh. Nchi yake haikumtambua kuwa raia, wala baba yake. Alikimbia baada ya vurugu za mwaka 2012, akapata pasi ya kusafiria Bangladesh kwa njia ambayo sikumwuliza, akaja hadi Dar es Salaam, akakaa Kariakoo akisubiri njia ya kusini. Kiswahili alikiokota huko, cha gengeni lakini chenye adabu. Nyumbani kwao alikuwa amemwacha baba yake na mdogo wake Habib, mwalimu wa watoto kijijini.

Mlangoni alilinda Papa Kasongo, Mkongomani wa Kalemie, mwenye sare ya kampuni ya ulinzi na kiti cha plastiki ambacho hakukikalia, kwa kuwa alikitumia kuwekea redio. Watatu hao, yaani Anko, Kasongo na Salimullah, ndio waliokuwa watu wangu kwa miaka minne.

Sasa lazima niseme kitu juu yetu sisi Wanyamwezi, maana baadhi yenu ni watu wa kuja. Babu zetu walitembea nchi nzima na mizigo, na kila walikopita walipata watani. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukupa jina ukabaki nalo hadi kaburini. Na kwenye kaburi lenyewe ndipo mtani ana kazi hasa: anaziba njia, anamwigiza marehemu, anadai ushuru, hadi wafiwa wacheke wakiwa na machozi. Ni heshima. Msiba usio na mtani ni msiba wa mtu asiye na watu.

Mimi niliipeleka desturi hiyo Fordsburg kama mtu anavyopeleka toolbox yake. Anko Yusuf nilimpa jina la Gavana, kwa jinsi alivyokazia droo ya pesa. Papa Kasongo alikuwa Waziri wa Mlango. Kwa Salimullah nilikuwa bado natafuta.

Tulikuwa na utaratibu mmoja wa kazi ambao nawaomba msiuache. Ukibadilisha spika, usiijaribu kwa muziki. Muziki unaficha mkwaruzo. Jaribu kwa sauti ya mtu anayesema. Kwa hiyo kila simu iliyopona tuliifungulia ujumbe wa sauti wa mwisho na kuupiga kwa nguvu, mwenye simu akiwa amesimama pale pale. Kwa njia hiyo nilisikia ndoa zikivunjika kwa Kizulu, mahari zikipangwa kwa Kifaransa, na akina mama wa Kihindi wakiagiza nyama. Warohingya wachache waliokuwa mjini walileta simu zao kwa Salimullah, na ndiyo sababu kundi la wapiganaji wao, la kule Arakan, lilifika kwenye benchi letu, likapitia kwenye spika.

Mara ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa 2016. Mzee mmoja muuza soksi alileta simu, Salimullah akaweka spika mpya, akafungua. Haikuwa sauti tu, ilikuwa video. Wanaume msituni, wachache wana bunduki, wengi wana fimbo na visu vya shambani, na mbele yao kijana mwenye ndevu anasoma tamko. Yule muuza soksi alilia. Salimullah aliirudia mara tatu, na spika haikuwa na kosa lolote.

"Ni nani hao?" nikauliza.

"Watu wetu. Wamepiga vituo vya askari wa mpakani."

Siku ile hakufanya kazi nyingi. Alinisimulia, na mimi, ambaye kwa kawaida ndiye msimuliaji, nilisikiliza.

"Sisi tumejaribu zamani, Mzee," alisema. "Ya kwanza ni ya babu. Waingereza wanaondoka, wazee wakashika bunduki, wanataka kukaa upande wa Waislamu wenzao ng'ambo ya mpaka. Wakapigwa, ikaisha. Ya pili ni ya mjomba wangu. Serikali ilituondolea uraia kwa sheria, vijana wakaenda milimani mpakani wakaunda jeshi. Mjomba alikaa huko miaka. Akarudi na picha nzuri na malaria."

"Na hawa?"

"Hawa ni baada ya 2012. Kiongozi wao hakukulia kwetu, amekulia Uarabuni, baba yake alikimbia zamani. Watu wake walipita vijijini kimya kimya, wakizungumza na mashehe, wakichukua vijana wachache kila kijiji. Maagizo yote yanakuja kwenye simu, kwa sauti. Habib ameniandikia. Anasema yeye hataki, lakini wanafunzi wake wakubwa wanataka."

Nilipaswa kunywa chai yangu na kunyamaza. Badala yake nilisimama nikatoa somo. Niliwaambia wote, pamoja na wateja wawili, kwamba Tanzania ililea wapigania uhuru wa nusu ya bara hili, kwamba hata hawa wenyeji wanaotuita majina mabaya walikula ugali wetu Morogoro, na kwamba hakuna uhuru ulioanza na zaidi ya panga. Nilikuwa sijui hata Arakan iko ng'ambo ya mto gani. Kisha nikampigia Salimullah saluti.

"Kamanda," nikasema. "Ripoti ya mstari wa mbele."

Alicheka. Naweka wazi kwamba alicheka. Jina likashika siku ile ile. Anko Yusuf akaanza: "Kamanda, screen ya huyu mama iko tayari?" Wauza marashi wakafuata. Wateja wa Kibangladesh walifikiri ndilo jina lake la duka. Kila asubuhi nilipiga saluti, naye alijibu kwa kibanio cha kushikia vipuri.

Papa Kasongo peke yake hakulitumia. Aliniita nje, karibu na kile kiti cha redio.

"Mzee Maganga, kwetu commandant haiko jina ya kuchezea."

"Ni utani, Waziri."

"Najua. Commandant ni ule mutu alikula mbuzi zangu zote, na kisha akaniomba chumvi. Sasa kama banamuita vile, na siku moja commandant mwenyewe asikie?"

Nikamwambia Johannesburg na hiyo vita ya Warohingya ni mbali kuliko mbuzi wake. Alitikisa kichwa, akarudi mlangoni.

Agosti 2017 kundi lile lilipiga tena, vituo vingi kwa pamoja. Siku chache zilizofuata simu zote za Warohingya zilikuwa na sauti za aina moja. Sikujua lugha, lakini pumzi ya mtu anayekimbia huku anarekodi haihitaji mkalimani. Jeshi la Burma lilichoma vijiji. Watu kwa malaki walivuka mto kuingia Bangladesh. Salimullah alikaa na simu mbili mbele yake, moja ya mteja na moja yake, na macho yake yalikuwa kwenye yake. Habib alipatikana kambini baada ya siku nyingi, yeye, mke wake na watoto wawili. Baba yao alikuwa amefia njiani kabla ya kuuona mto.

Kuanzia hapo Salimullah hakuwa na neno jema juu ya kundi lile. "Waliwaita wakulima kwa ujumbe wa sauti," aliniambia. "Chukueni mlicho nacho, nendeni. Wakaenda na fimbo kwenye bunduki. Jeshi lilikuwa linasubiri sababu, nao wakaipeleka. Na yule mwenye sauti bado anatuma sauti. Isikilize, Mzee. Haina hata upepo nyuma yake. Yuko ndani ya nyumba."

Nilisema pole. Kisha, kwa mazoea, nikamwita Kamanda. Hakunikataza. Nilichukulia kutokatazwa kuwa ruhusa.

Matanga ya baba yake Salimullah yalifanyika chumbani kwa yule muuza soksi, si mbali na duka. Walijaa wanaume wa Kirohingya na Wabangladesh, wamekaa chini, dua zimesomwa, pilau inasubiriwa. Niliingia nikaona watu wamenyamaza kwa namna ambayo kwetu hairuhusiwi. Mfiwa ana sura ya jiwe na hakuna hata mtani mmoja wa kumtoa humo. Nikajiambia: Maganga, huyu ana mtani mmoja tu katika nchi hii nzima, na ni wewe.

Basi nikafanya kazi. Nilisimama mlangoni pilau ilipokuwa inapita, nikaziba njia, nikapiga saluti, nikasema kwa Kiingereza ili wote waelewe: Kamanda, jeshi lako limechelewa, hata pilau imefika kabla yake. Nikachukua sahani tupu nikaipitisha kwa waliokaa. Mchango, nikasema. Mchango wa jeshi la Kamanda Salimullah, hakuna kula kabla ya kutoa. Kwetu ushuru huo anapewa mfiwa mwishoni, na hapo kicheko kinakuwa kimefika. Wawili watatu waliweka noti, nadhani kwa kuchanganyikiwa. Wengine walinitazama tu. Salimullah alitabasamu kidogo. Aliijua desturi, nilikuwa nimemweleza mara nyingi. Alipokea sahani kwa mkono wa kulia na kusema asante.

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Nilimwambia Kasongo kwamba nimemtoa mtu kwenye giza.

Kitu nilichokiona lakini sikukijali ni kwamba kijana mmoja alikuwa ameinua simu tangu dua zilipoanza. Alikuwa anarekodi ili ndugu walioko kambini waone kwamba marehemu amesomewa hata Afrika. Video ilitumwa nzima. Dua, watu, halafu mzee Mwafrika mlangoni, saluti, Kamanda, jeshi, sahani, noti.

Nisikilizeni kwa uangalifu, maana hapa ndipo watu wanaponikatiza nikisimulia. Kambini kule Bangladesh kundi lile halikuwa limekufa. Lilikuwa limevuka na watu wake. Mchana kulikuwa na mashirika, askari na foleni za mchele. Giza likiingia mabanda yalikuwa na wenyewe, na wakimbizi waliwaita watu wa usiku. Waliamua nani aseme na nani anyamaze, nani afundishe, mwanamke gani aache kazi. Hawakupenda kiongozi mwingine ajitokeze, na zaidi hawakupenda mtu achangishe pesa za jeshi zisiwafikie. Video ilipita simu hadi simu, mpaka ikafika kwao.

Nililijua hilo mapema 2018, kwenye benchi. Salimullah aliweka simu yake mbele yangu.

"Mzee, nijaribie spika."

"Ina nini?"

"Jaribu tu."

Nikafungua ujumbe wa mwisho kama utaratibu unavyotaka. Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea taratibu, kama amelala. Kwa lugha yao. Sikuelewa kitu, isipokuwa neno moja, na lilirudiwa mara nyingi. Kamanda.

"Spika ni nzima?" Salimullah akauliza.

"Nzima."

"Basi umesikia. Huyo ni Habib. Wamemchukua, wamemwuliza kaka yako ni kamanda wa jeshi lipi, na pesa za kwenye sahani ziko wapi. Wamemrudisha mguu wa kushoto haukanyagi. Wanataka jibu. Wasipolipata watamchukua tena."

Alisema hayo bila kuinua sauti. Papa Kasongo alikuwa mlangoni, anasikia kila neno. Nilimsubiri anikumbushe onyo lake. Alizima redio.

Jibu lilikuwa lazima liwe la sauti, na Salimullah alisema lazima iwemo yangu, kwa sababu ni mimi niliyeonekana kwenye video. Kwa hiyo tukakaa, na mimi nikaanza kueleza utani wa Wanyamwezi kwa watu wenye silaha katika kambi ya Bangladesh, kwa Kiingereza, Salimullah akitafsiri.

"Mimi naitwa Maganga," nikaanza, "mtaalamu wa elektroniki mwenye stashahada..."

"Ondoa stashahada."

Tukaanza upya. "Kwetu zamani, wakati wa misafara ya pembe..."

"Fupisha, Mzee."

"Ni mzaha. Kwetu mtu akifiwa tunamfanyia mzaha."

Salimullah alisimamisha kurekodi. "Nikiitafsiri hiyo," alisema, "watasema tunawacheka. Sema wewe ni mzee mjinga. Sema hukujua. Hayo wataelewa."

Nikasema. Mimi ni mzee mjinga, sikujua, huyu si kamanda wa mtu yeyote, ni fundi wa vioo. Nilirudia mara mbili kwa sababu ya kwanza niliitamka kama mtu anayejitetea. Kisha ikaja zamu yake. Alizungumza kwa lugha yake, kichwa kimeinama, na ingawa sikuelewa niliijua sauti ile. Ni ya mtu anayeomba radhi kwa watu anaowadharau. Alikuwa amepoteza baba kwa sababu ya watu hao, na sasa alikuwa anawaita, naamini, mabwana. Vijana, nimeungua kwa joto la soldering, nimepigwa shoti na televisheni za kizamani hadi nikaangukia nyuma. Sijawahi kutamani kutoka kwenye kiti kama siku ile.

Jibu lao lilikuja. Salimullah alisema walicheka. Walikubali kwamba ni mzaha, lakini sahani ilikuwa na pesa za kweli, kwa hiyo pesa zije. Na Habib aache kufundisha.

Tulijua zikienda hizo zitadaiwa nyingine. Njia ilikuwa moja: Habib na familia watolewe kambini hadi mji wa mbali ambako hakuna anayewajua, na wapo watu wanaofanya kazi hiyo kwa malipo. Salimullah hakuwa na kitu, yote yalikuwa yameshakwenda kwa Habib walipovuka mto. Nikamwambia nitazipata mimi. Hakusema asante wala hapana. Alisema, "Haraka."

Akiba yangu ilikuwa nusu ya kilichotakiwa. Nusu nyingine nilikopa kwa Anko Yusuf, kwa Papa Kasongo, na kwa mhasibu mmoja Mkenya wa Randburg ambaye nilimtengenezea kompyuta za ofisi. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, mara tatu, kwa watu watatu. Sikusema. Nilisema naezeka nyumba yangu Tabora, mabati yamepanda bei. Hata kwa Kasongo, aliyesikia habari za Habib kwa masikio yake, nilisema mambo ya Salimullah yameshamalizwa na jamaa zake, na kwamba mimi nina shida ya bati. Niliona ni afadhali nidaiwe kama mwenye nyumba kuliko nisaidiwe kama mzee mjinga. Mlinzi wa mlango alitoa pesa za ada ya binti yake nikaezekee nyumba isiyo na msingi.

Habib alitoka salama. Yuko katika mji ambao sitautaja, anashona nguo kwa jina lingine, anachechemea. Hafundishi. Salimullah alinipa taarifa hiyo kwa maneno machache kuliko haya, akarudi kwenye kioo alichokuwa anabandika.

Tuliendelea kukaa benchi moja. Alinipa vipuri nilivyoomba, nami nikampa spiriti alipoishiwa. Hakuwahi kunikosea adabu. Ila hakuniita Mzee Maganga tena. Alisema "fundi." Fundi, nipe kibanio. Fundi, mteja wako. Na jina la Kamanda nilizunguka duka kwa duka nikiwaomba watu waliache. Ilinichukua muda mrefu. Kulitoa jina mtaani ni kazi ngumu kuliko kulitia, na kila niliyemwomba aliuliza kwa nini, nami nilikuwa na sababu tofauti kwa kila mmoja.

Nililipa kwa kufanya kazi siku za mapumziko mtaani Malvern, kwenye kibanda cha fundi cherehani mmoja pale Jules Street, nikitengeneza simu kwenye kona ya meza yake. Hapo ndipo nilipotengeneza bodi ambazo hata wakala wa kiwanda alikuwa amezikataa, na hiyo ni kweli, mnaweza kuuliza. Kasongo alikuwa amenipa jina jipya: Propriétaire, yaani mwenye nyumba. Kila nilipompa kipande cha deni aliuliza nyumba imefika wapi. Mimi nikaijenga kwa mdomo. Niliweka dari, nikaweka vigae, mwishoni nikaweka hata tangi la maji.

Siku ya kumaliza deni ilikuwa mwaka 2019, kabla Jules Street haijachomwa katika fujo nyingine za kuwafukuza wageni. Asubuhi nilikwenda Randburg, nikamlipa Mkenya, akaniambia hongera, wengi wanakufa na ramani. Mchana nikarudi Fordsburg. Nikamlipa Papa Kasongo mlangoni, nikaingia nikamlipa Anko Yusuf. Anko alizihesabu, kisha akatoa chini ya kaunta saa ya ukutani, kubwa, imefungwa nailoni.

"For the house," alisema. "Mpe mkeo aitundike sebuleni. Salim, njoo umpongeze mzee, amemaliza nyumba."

Salimullah alijua kila senti ilikokwenda. Alikuwa na haki ya kubaki kwenye kiti chake, na alikuwa na haki ya kusema. Aliinuka, akafuta mikono, akaja akanishika mkono mbele ya wote.

"Hongera, Mzee Maganga," alisema. "Mungu aibariki nyumba."

Alinifunikia aibu yangu. Sikuliweza hilo. Ningeweza kuvumilia kunyamaza kwake miaka mingine kumi, lakini si kufunikwa.

"Anko," nikasema, "hakuna nyumba. Hakuna hata tofali. Zile pesa zilikwenda kumtoa ndugu wa Salim kambini, kwa sababu mimi ndiye niliyemponza."

Anko Yusuf akaanza kucheka. Alicheka akishika kaunta. Muuza marashi, aliyekuja kuona kuna nini, akacheka. Papa Kasongo alicheka hadi akaegemea mlango.

"Ule mzee," alisema akifuta macho. "Hata nyumba yake mwenyewe anaitania. Anaogopa tutakuja kulala."

Nikasema tena kwamba ni kweli. Wakacheka zaidi. Nilimgeukia Salimullah ili anishuhudie. Alikuwa amesharudi kwenye benchi, ameinamia simu ya mteja, na yeye peke yake hakuwa anacheka. Nikasimama pale na saa mikononi, nikisubiri wamalize.